Mikono Nyuma: Niliyojifunza Nikiwa Mzazi wa Skauti Mdogo

Usiku wa kuamkia mashindano ya magari ya mbao, mwanangu alikuwa amelala tangu saa tatu, nami nilikuwa bado mezani nikipiga msasa ubavu wa gari lake. Alikuwa na umri wa miaka minane, na huo ulikuwa mwaka wake wa kwanza katika kundi la skauti wadogo. Kama magari yote ya mashindano hayo, gari lake lilianza kama kipande kimoja cha mbao ya msonobari, magurudumu manne ya plastiki na misumari minne ya kuyashika. Sheria ni chache: uzito usizidi aunsi 5, yaani takriban gramu 142, na gari literemke lenyewe kwa mvuto wa dunia, bila injini na bila kusukumwa na mtu yeyote.

Kwa muda wa wiki mbili alikuwa ameikata mbao ile kwa msumeno mdogo, akapaka rangi ya samawati upande mmoja na nyekundu upande wa pili, na alipomaliza, ubavu wa kulia ulikuwa mnene kuliko wa kushoto. Nilipoliona limepinda nilihuzunika kwa ajili yake. Niliwaza watoto wengine watakavyomcheka, nikachukua randa nikalinyoosha, nikapaka rangi upya, nikasugua misumari mpaka ikang'aa, nikatia unga wa grafiti kwenye magurudumu ili yazunguke kwa wepesi, kisha nikapachika vipande vya chuma nyuma mpaka mizani ikasoma gramu 141. Nilipolala ilikuwa saa nane usiku, na nililala nikiamini kwamba nimemtendea mwanangu jambo jema.

Asubuhi alilichukua, akaligeuza juu chini, akalitazama pande zote, kisha akaniuliza, "Baba, langu liko wapi?"

Siku hiyo gari lile lilishinda raundi tatu likamaliza la pili. Mtoto aliyesimama karibu nasi alikuwa na gari lililopoteza gurudumu katikati ya mteremko, naye alikimbia kuliokota gurudumu huku akishangilia kama aliyepata kikombe, kwa sababu gari lenye magurudumu matatu lilikuwa limefika mwisho hata hivyo. Mwanangu alisimama kimya. Alipovikwa utepe wa mshindi wa pili aliuvua, akanikabidhi kwa adabu kama mtu anayerudisha kitu alichokiokota njiani, akasema, "Huu ni wako, Baba." Hakuwa na hasira hata kidogo. Laiti angekasirika, ningejua la kumjibu.

Kiongozi wa kundi letu, mama mtu mzima aliyelea skauti wadogo kwa miaka mingi, aliliona jambo lile. Hakunikemea. Watu walipokuwa wakikunja viti alinijia akaniambia, "Ndugu yangu, wiki ijayo njoo umeweka mikono nyuma." Nilidhani ni msemo tu, lakini alimaanisha hasa. Katika kundi lake wazazi wote walialikwa, na kila mzazi alifundishwa kusimama karibu na mtoto wake, mikono ikiwa imeshikana mgongoni, mpaka mtoto mwenyewe aombe msaada. Aliponieleza hayo nilitambua kwamba kwa miezi kadhaa nilikuwa nikihudhuria shughuli za familia bila kuelewa kwa nini familia iliitwa.

Nilianza kusoma historia ya skauti, na jambo moja lilinigusa zaidi ya mengine. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipofanya kambi yake ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwezi Agosti mwaka 1907, aliwachukua wavulana wapatao 20 ambao kwa sehemu kubwa walikuwa wameshavuka utoto. Baada ya hapo wadogo zao walianza kuwafuata, kusimama pembeni ya mikutano na kuomba waingizwe, na ni kwa ajili yao kwamba mwaka 1916 uliundwa mpango wa skauti wadogo, ambapo Vera Barclay alikuwa miongoni mwa waliomsaidia Baden-Powell kuuandaa. Nchini Marekani mpango kama huo ulianza rasmi mwaka 1930, nao uliegemea nyumbani kuliko kambini: vikundi vya watoto wachache vilikutana majumbani, akina mama wakaviongoza, na majukumu mengi ya mtoto yalifanyika mbele ya wazazi wake, ambao ndio waliotia sahihi katika kitabu chake.

Hata mashindano yale ya magari yalizaliwa kwa ajili ya mtoto aliyeambiwa kwamba bado ni mdogo. Mwaka 1953, huko Manhattan Beach, California, kiongozi wa skauti wadogo aitwaye Don Murphy alikuwa na mtoto wa kiume ambaye umri wake haukutosha kushiriki mbio za magari makubwa ambayo watoto huyaunda na kuyaendesha wenyewe. Murphy alitafuta kitu ambacho baba na mtoto wangeweza kukitengeneza pamoja nyumbani, ndipo akabuni vigari hivi vya mbao. Nilipousoma mkasa huo niliona vibaya moyoni. Mchezo uliobuniwa ili mtoto asiambiwe "wewe bado mdogo", mimi niliutumia kumwambia mwanangu maneno yayo hayo, tena usiku akiwa amelala.

Wiki iliyofuata tulijifunza mafundo ya kamba. Fundo la kwanza ni lile la kuunganisha ncha mbili za kamba zenye unene sawa: kulia juu ya kushoto na kupitisha chini, halafu kushoto juu ya kulia na kupitisha chini. Likifungwa sawasawa hulala bapa, na ndiyo maana hutumika kufungia bandeji, kwa kuwa halimchomi majeruhi. Lakini halifai kubebea mzigo wala mtu, kwa maana likivutwa vibaya huachia. Mwanangu alilipata mara ya tatu. Mimi nililikosea mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, kwa kuwa kila mara nilirudia kulia juu ya kushoto mara mbili, na fundo langu likateleza. Aliweka kamba yake chini, akashika vidole vyangu kimoja kimoja, akanionyesha. Alikuwa na subira ambayo sikuwahi kumwonyesha yeye nikimfundisha hesabu. Jioni hiyo, tukiwa njiani kurudi, alizungumza mfululizo kwa muda mrefu kuliko nilivyopata kumsikia tangu aanze shule, na mazungumzo yote yalihusu kamba.

Tangu hapo niliacha kuona aibu ya kutojua. Nadhani wazazi wengi hushika kazi ya mtoto kwa sababu ndiyo njia pekee wanayoijua ya kuonekana wana faida pale walipo. Skauti hutoa nafasi nyingine, ya mzazi kuwa mwanafunzi mbele ya mtoto wake. Upo mchezo wa kumbukumbu ambao skauti wameucheza tangu siku za mwanzo: vitu vidogo 24 hupangwa juu ya sinia, hufunuliwa kwa dakika moja, kisha hufunikwa, na kila mtu huandika alivyovikumbuka. Tulipoucheza mzazi na mtoto wakishindana, watoto walitushinda karibu wote. Mwanangu alikumbuka vitu 19, nami 13. Alikuwa amegundua kwamba kifungo kimoja kilikuwa na matundu mawili na kingine matundu manne, jambo ambalo mimi nisingeliona hata ningepewa nusu saa.

Kambi yetu ya kwanza ilikuwa ya usiku mmoja, na kila mtoto alikuja na mtu mzima wake. Nasema "mtu mzima wake" kwa makusudi. Tangazo la kwanza lilikuwa limeandikwa "kambi ya baba na mwana", na mtoto mmoja hakuandikisha jina lake. Aliishi na bibi yake, na alipoulizwa alijibu kwamba hiyo kambi si ya watu kama yeye. Maneno hayo yalituuma sote, mimi nikiwa mmoja wa walioliandaa tangazo lile. Tuliliandika upya siku ileile. Bibi alikuja, akalala katika hema kama sisi, na usiku wakati wa moto alisimulia hadithi iliyowafanya watoto 22 wanyamaze kabisa. Ninaamini kwa dhati kwamba shughuli yoyote inayojiita ya familia inapaswa kujiuliza, kabla ya kuchapisha neno lolote, ni mtoto yupi atakayelisoma neno hilo na kubaki nyumbani.

Yanayofanana na hilo ni masharti ya usalama, ambayo wazazi wapya wakati mwingine huyaona kama kutoaminiwa. Mtu mzima hakai peke yake na mtoto asiye wake mahali pasipoonekana; siku zote wawe watu wazima wawili au zaidi. Watoto nao hutembea wawili wawili, hata kwenda msalani. Mimi niliyakubali masharti hayo tangu siku ya kwanza, na mpaka leo nikiona kundi lisiloyafuata simwachi mwanangu hapo.

Kusimamisha hema kulikuwa mtihani wangu wa kweli. Mwanangu alianza kwa kuingiza vigingi vikiwa wima, ilhali kigingi hulazwa kidogo, kichwa chake kikielekea mbali na hema, ili kamba isiking'oe. Nilifunga mikono yangu mgongoni nikauma midomo. Kamba ya kwanza ilipokazwa, kigingi kiliruka. Aliking'ang'ania mara mbili, kikaruka mara mbili, ndipo akalala kifudifudi chini akakitazama kwa karibu, akakiinamisha, kikashika. Hema letu lilichukua saa moja na robo kusimama, wakati baba mmoja jirani yetu alisimamisha lake kwa dakika 15 huku mtoto wake akiwa ameketi juu ya jiwe akirusha kokoto. Nilimtazama baba yule kwa huruma, kwa kuwa wiki sita kabla ya hapo nilikuwa mimi.

Moto una mafunzo yake. Kabla ya kuuwasha, ndoo ya maji iwe tayari kando, na ardhi isafishwe majani pande zote. Kisha mtoto hukusanya mafungu matatu: majani makavu na magamba laini ya miti yanayoshika cheche, vijiti vyembamba kama njiti za kiberiti mpaka unene wa kidole, halafu kuni zenyewe. Kosa la watoto karibu wote, na la watu wazima pia, ni kurukia kuni nene kabla vijiti havijashika, au kurundika kila kitu kwa pamoja mpaka hewa ikose pa kupita, moto ukafa kwa kukosa pumzi. Mwanangu alitumia njiti kumi na moja. Ya kumi na moja ilipowasha majani, alipunguza sauti yake kama aliye karibu na mtoto mchanga aliyelala, akaanza kuweka kijiti kimoja baada ya kingine. Asubuhi aliuzima yeye mwenyewe: akamwaga maji, akakoroga majivu, akamwaga tena, kisha akakaribisha mgongo wa kiganja chake mpaka akahakikisha hakuna joto lililobaki.

Usiku ule wa moto kiongozi aliwaeleza watoto maana ya ahadi yao. Skauti mdogo huahidi kujitahidi kwa kadiri ya uwezo wake, na kipimo cha uwezo huo ni mtoto mwenyewe, si ndugu yake wala jirani yake. Nilikuwa nimeisikia ahadi hiyo mara nyingi. Lakini nikiwa nimeketi pale, nikikumbuka gari la samawati na jekundu nililolikwangua, nilielewa kwamba nilikuwa nimempima mwanangu kwa kipimo cha mtu wa miaka 40 mwenye randa.

Hata hivyo mikono nyuma si macho yaliyofumbwa. Kwa kisu, maji yenye kina, na barabara, mimi sisubiri mtoto aombe msaada. Kabla ya kufungua kisu, mtoto hunyoosha mkono na kuzunguka mahali alipo. Yeyote anayeweza kuguswa na mkono huo yuko karibu mno, na kisu hakifunguliwi. Mtoto akisahau, namzuia mara moja. Mzazi anapaswa kuamua mapema ni makosa gani yanayofundisha na yapi yanayoumiza, kwa kuwa kigingi kikiruka hakuna anayeumia.

Kambi ya pili ilitupatia radi. Mawingu yalikusanyika alasiri, na wakati wa kupika tukaona mmweko wa kwanza. Watoto walikuwa wamefundishwa kuhesabu sekunde kuanzia mmweko mpaka ngurumo, kisha kugawa kwa tatu ili kupata umbali kwa kilomita, kwa sababu sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu. Mmweko wa kwanza ulikuwa wa sekunde 36, yaani kilomita 12. Wa pili ulikuwa wa sekunde 27, na hesabu ikishuka chini ya 30 kanuni ni kuondoka nje bila mjadala, kwa maana hema halimkingi mtu dhidi ya radi wala mti haumkingi. Mahali salama ni ndani ya jengo imara au gari lililofungwa. Tuliacha vyakula jikoni tukaingia katika ukumbi wa kambi, na tukakaa humo mpaka dakika 30 zilipopita tangu ngurumo ya mwisho.

Mwanangu alikuwa akiogopa radi tangu utotoni. Nyumbani hujifunika blanketi kichwani. Ndani ya ukumbi nilimwona akitetemeka, na mkono wangu ulikuwa tayari umetoka mgongoni kwenda kumkumbatia, alipomgeukia mtoto mdogo zaidi aliyekuwa akilia, akamwambia, "Tuhesabu pamoja." Walihesabu. Sekunde tisa, kumi na mbili, kumi na nane. Kila mara namba ilipokua alimweleza mwenzake kwamba radi inakwenda zake. Alikuwa bado anatetemeka, lakini alihesabu mpaka mwisho. Baadaye ndipo alipokuja kwangu akaegemeza kichwa begani, nami nikamkumbatia, kwa kuwa safari hiyo aliomba mwenyewe.

Mwaka uliofuata mashindano ya magari yalirudi. Tuligawana kazi kabla ya kuanza: mimi nishike mbao asije akajikata, na yeye aamue yote yaliyobaki. Alichonga kitu alichosema ni kifaru, ingawa pembe ilivunjika akaibandika kwa gundi ikiegemea kushoto. Kwenye mizani kilisoma gramu 88. Tulipokijaribu katika ubao tulioinamisha sebuleni kilikwenda polepole, akaomba vyuma, akavipachika mbele, karibu na pembe. Nilijua kwamba uzito ukikaa nyuma, mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma, hubaki juu ya mteremko kwa muda mrefu zaidi na kuendelea kulisukuma gari wakati pua yake imeshafika kwenye tambarare. Nilinyamaza. Alijaribu, akapima kwa saa ya mkononi, akahamishia katikati, akapima, akahamishia nyuma. Alipoona tofauti alinitazama kwa mshangao, akaniuliza ni kwa nini. Hapo ndipo nilipomweleza, na alinisikiliza kwa makini, maana lilikuwa swali lake.

Kifaru kilimaliza cha kumi na nne kati ya magari 26. Alikibeba mwenyewe mpaka nyumbani.

Alipotimiza miaka 11 alivuka kwenda kwa skauti wakubwa, ambako wazazi hawalali kambini na vikosi huongozwa na vijana wenyewe. Siku ya safari yake ya kwanza nilimfikisha kwenye lango la kambi. Alikuwa amefunga shanta peke yake usiku, na alipoliweka mgongoni niliona kwamba blanketi lililoning'inia juu yake limefungwa kwa fundo baya, kulia juu ya kushoto mara mbili, lilelile nililokuwa nikilikosea mimi. Wenzake walikuwa wameanza kutembea. Tuliagana, akanipa mkono wa kushoto kama skauti wanavyosalimiana, akaondoka. Nilisimama langoni, mikono mgongoni, nikilitazama blanketi likianza kuteleza upande mmoja kila alipopiga hatua. Karibu na kona ya njia alisimama. Aliteremsha shanta, akapiga goti, akalifungua fundo, akalitazama kidogo, kisha akaanza upya.